Kuuza WRX uliyoizoea

Kaka, umeuliza uiuze Subaru Impreza WRX yako au uiache uani hapo Area C mpaka mambo yakae sawa. Iuze. Kuumia utaumia, hilo halikwepeki, lakini gari ya turbo ikikaa juani Dodoma mwaka mzima betri inakufa, mipira inakakamaa, na mnunuzi akifungua boneti akakuta vumbi jekundu anakata bei hapohapo. Wa kuijaribu usimwachie ufunguo. Kaa naye siti ya pembeni, hata akijifanya dereva wa rali. Mkishakubaliana bei, msiishie kupeana kadi ya gari. Andikishaneni kwa wakili, mhamishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato, la sivyo mnunuzi akipigwa tochi ya mwendokasi na trafiki Kibaigwa, deni linasoma jina lako. Rimu za ziada ziuze kando.