Kung'arisha alumini ya boda: maswali yenu kwa fundi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu ile mashine ndogo ya mkono inayozungusha vichwa vidogo vya kusagia na kung'arishia.

*Fundi, nimepitisha kichwa cha sufi (manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa) na sabuni ya kung'arishia (nta ngumu yenye unga wa kusugua) kwenye kava ya injini ya pikipiki yangu ya Boxer. Imeng'aa kwa mabaka na mistari inaonekana. Je, mashine ni dhaifu? – Mwenye boda, Jinja*

Mashine haina kosa, ndugu yangu. Mng'ao unatengenezwa na msasa. Sufi inamalizia tu. Kwanza fungua kava uitoe kwenye injini, uioshe mafuta yote. Kama ina rangi au vanishi ya kiwandani, itoe kwa dawa ya kuondolea rangi. Mabaka mengi ni vanishi iliyobaki. Usishawishike kutumia soda kali ya kutengenezea sabuni, maana inaila alumini yenyewe.

Kisha shika msasa wa maji, ule unaoloweshwa ukisugua; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi: namba 320, halafu 400, 600, 800, hadi 1000. Kila namba isugue kukatiza mwelekeo wa iliyotangulia, na usihamie nyingine mpaka mikwaruzo ya nyuma imefutika yote. Hapa ndipo wengi wanachoka na kuruka hatua, na sufi haiwezi kufuta mkwaruzo wa 320 hata ukishinda nao mchana kutwa. Sehemu pana sugua kwa mkono, msasa ukiwa umezungushwa kwenye kipande cha mpira. Mashine iachie kona, kandokando ya mashimo ya bolti na maandishi yaliyoinuka.

Na ipunguze mwendo. Nyingi za mashine hizi hufika mizunguko 30,000 kwa dakika au zaidi, lakini kichwa cha sufi kisizidi 15,000. Ukizidisha, sabuni inaungua na kuacha weusi, na kichwa kinaweza kuchomoka kikakupiga usoni. Gusa kidogo, usitulie mahali pamoja. Anza na sabuni ya kahawia, kisha nyeupe, kila moja na kichwa chake. Weusi wa kawaida unaotoka ukisugua kwa mwendo sahihi ni alumini inayosagika; ufute kwa kitambaa safi uone ulipofika.

*Brashi ya waya si ingeharakisha? – Msomaji, Arua*

Hapana. Waya wa chuma unachimba alumini, na chembe zake zikibaki humo zinashika kutu.

*Nabeba chumvi kutoka Ziwa Katwe. Miguu ya foki za mbele (zile zinazoshika gurudumu) imeota unga mweupe na vishimo. Niing'arishe? – Dereva, Kasese*

Wewe nakushauri usiing'arishe. Chumvi na unyevu ndivyo vinavyotoboa alumini, na ukiivua rangi ya kiwandani unaiacha uchi mbele ya adui huyo. Tena kumaliza vishimo kwa kusaga ni kupunguza unene wa kitu kinachobeba mzigo na roho yako. Sugua unga huo taratibu kwa msasa laini, safisha, paka rangi upya. Kila jioni ya kazi mwagia maji baridi, ukaushe. Vishimo vikiwa virefu au ukiona ufa, badilisha mguu wa foki.

*Kitovu cha gurudumu nacho kinang'arishwa? Karakana yetu Katwe, Kampala, iko jirani na wanaochomelea. – Kijana wa ufundi*

Nje tu. Ndani, pale breki zinaposugua, pasiguswe na sabuni hata chembe, kwa kuwa ina grisi na breki itateleza. Ziba beringi kabla ya kuanza, na kwenye kava ya injini, nyuso zinapokaa gasiketi (karatasi ya kuzuia mafuta yasivuje) nazo ziache kama zilivyo.

Hao jirani wananitia wasiwasi. Vumbi laini la alumini linawaka, kwa hiyo sogea mbali na cheche, na ulifagie mara kwa mara lisirundikane. Vaa miwani na barakoa.

*Mng'ao utadumu? – Msomaji, Busia*

Bila kutunzwa, mvua za Machi hadi Mei zinatosha kuufifisha. Paka nta ya gari ukimaliza, na urudie kila unapoona maji hayatiririki tena juu yake. Vanishi ya kawaida kwenye kava ya injini siipendi: joto huigeuza njano, kisha inabanduka.