Joto la Tabora kwa aliyetoka Makete

Pole dada uliyeuliza kuhusu joto la Tabora, kichwa kinauma na usingizi hupati kwenye chumba cha bati lisilo na dari. Umetoka Makete, kule kwenye baridi ya milima ya Njombe, ukiwa na masweta, ukaingia Tabora mwezi wa kumi, lazima uhisi kichwa kinapasuka. Umefika wakati mbaya kuliko yote: Septemba na Oktoba ndiyo kilele cha joto hapa, mchana nyuzi 32 au 33 ni kawaida. Mvua zikianza, mara nyingi Novemba, utapumua.

Mwili huchukua kama wiki 1 hadi 2 kuzoea. Unajifunza kutoa jasho mapema, na jasho lenyewe linapungua chumvi. Ila hauzoei ukishinda ndani chini ya feni, toka kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Maji kunywa kabla kiu haijakubana. Na hilo bati lisilo na dari ndilo linalokunyima usingizi, siyo Tabora! Fungua madirisha jua likizama, usiku wa huku hupoa vizuri, lakini chandarua usikiache.

Hapo kwenye chandarua nisisitize. Makete malaria ni chache sana, huku ipo kweli, na kinga huna. Kichwa kikiuma pamoja na homa au baridi ya ghafla, usiseme "ni joto tu", kapime siku hiyo hiyo. Mtu akianza kuongea ovyo au kuzimia juani, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mkimbizeni hospitali.

Masweta yatunze, usiyagawe. Juni alfajiri utayatafuta.