Vifaranga vya gapi (samaki wadogo wa mapambo) wanakufa

SWALI: Gapi wangu amezaa vifaranga kama 30 kwenye tangi la lita 60. Nawalisha kiini cha yai. Siku ya tatu maji yamekuwa meupe na wanakufa. Ni ugonjwa gani?

JIBU: Si ugonjwa, ni hicho kiini. Mabaki yake yanaoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Leo badilisha robo ya maji, kesho robo nyingine. Maji mapya yawe na joto lilelile na yasiwe na klorini. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba. Walishe chakula cha samaki kilichosagwa kuwa unga, mara 3 kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika 2. Mdomo wa chujio ufunge sponji, usije ukawafyonza. Na mama yao mtenge, maana huwala bila huruma.