Mnaoanza hisabati za fedha, choreni mstari kwanza

Kila mwaka mpya wa masomo nayaona yale yale. Swali la mkopo linaandikwa ubaoni, na kabla mhadhiri hajamaliza kulisoma, kalamu zishakimbilia fomyula ya anuiti, yaani ya malipo sawa yanayorudiwa kila kipindi. Nusu ya darasa wamehesabu malipo ya mwanzo wa mwezi pahali pa malipo ya mwisho wa mwezi. Jamani, wadogo zangu! Waliowatangulia walikosea papo hapo, na waliowatangulia hao pia. Nawapenda, ndiyo maana naandika, lakini leo mtanivumilia nikipaza sauti kidogo.

1. Chora mstari wa muda. Kila swali, hata la alama mbili. Weka sifuri kushoto, panga miezi, onyesha pesa inapoingia na inapotoka. Somo hili linauliza "lini" kabla ya kuuliza "ngapi". Shilingi ya leo na shilingi ya Desemba huwezi kuzijumlisha mpaka uzilete kwenye tarehe moja. Ukilishika hilo kikweli, nadharia ya riba haitakupeleka kwenye sapu, mtihani wa kurudia.

2. Ukitajiwa riba, uliza ni riba gani. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo palipomuumiza kijana mmoja niliyekuwa nikimwongoza wakati wa atachimenti, mafunzo yake ya kazini.

Kijana alikuwa mzuri. Nadharia ya riba alipata A, na Excel alikuwa akiiendesha bila kugusa mausi. Mjomba wake anaendesha tuktuk Likoni, injini ilikuwa imekufa, na alihitaji shilingi 120,000 za kulipa kwa mwaka mmoja. Alikuwa na njia mbili: mkopo wa asilimia 12 kwa mwaka wa flati (riba juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata ukishalipa sehemu), au mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka wa salio linalopungua (riba juu ya deni lililobaki tu). Mzee hakutaka kujiamulia. Akasema, "Tuna msomi nyumbani, tumuulize." Msomi akatazama 12, akatazama 18, akajibu papo hapo: chukua ya 12. Mjomba akatia sahihi.

Jumatatu kijana akanisimulia, amefurahi kabisa kwamba masomo yameanza kuifaa familia. Sikumwambia kitu. Nilimpa karatasi, nikamwambia achore mstari wa mkopo wa kwanza. Flati: riba ni asilimia 12 ya 120,000, yaani 14,400, unaigawa kwa miezi kumi na miwili, kila mwezi 1,200. Mtaji ni 10,000 kwa mwezi. Malipo 11,200. Akaandika vizuri, mwezi baada ya mwezi, na pembeni akaweka salio: 120,000, 110,000, 100,000, akishuka. Alipofika mwezi wa mwisho kalamu ikasimama. Deni limebaki 10,000, na riba bado ni 1,200. Asilimia 12 kwa mwezi mmoja! Akaniangalia. Nikamwambia aendelee na ule mwingine. Asilimia 18 kwa mwaka ni 1.5 kwa mwezi, kwenye salio tu. Malipo yakatoka kama 11,002 kwa mwezi, riba ya mwaka mzima 12,019. Ile "rahisi" ya 12 imemzidishia mjomba gharama ya shilingi 2,381 hivi. Ukiigeuza iwe ya salio linalopungua, flati ile inakaribia asilimia 21.5 kwa mwaka.

Alikwenda Likoni jioni ile ile kumweleza mjomba wake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, bila hasira, "Basi huko chuoni mwafundishwa nini?" Kijana aliniambia swali hilo lilimkosesha usingizi.

Sasa sikilizeni. Yule hakukosea fomyula. Ungemtegea mtihani wa mikopo ya flati angepata alama zote. Alichokosa ni ule mshtuko mdogo unaopaswa kukushika ukiona asilimia mbili zimewekwa kando kwa kando: je, zote zahesabiwa juu ya salio lile lile? Ni za mwezi au za mwaka? Riba huongezwa kwenye deni mara ngapi kwa mwaka? Mkopo wa simu wa asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiuzungusha mwezi baada ya mwezi, riba ikawa inazaa riba, kwa mwaka unafika asilimia 138 hivi, wala si 90. Mshtuko huo ndio ujuzi wenyewe. Haumo katika notisi. Unajengeka kwa kufanya maswali mengi na kila mara kusimama kabla ya kubonyeza kikokotoo.

3. Diskaunti si riba: riba huongezwa juu ya bei unayolipa leo, diskaunti hukatwa kwenye kiasi cha mwisho. Hati ya hazina (serikali inakopa, unalipwa 100 mwishoni) ya siku 91, kwa asilimia 10, bei yake kwa kila shilingi 100 unaipata kwa kugawanya 100 kwa 1 + 0.10 × 91/365. Ni 97.5675. Wengi wenu mnachukua 100 mnatoa riba, mnapata 97.5068, kisha mnaniambia "tofauti ni senti sita." Kwa hati za shilingi milioni mia moja senti hizo ni zaidi ya 60,000. Na siku za mwaka ni 365 kwa Benki Kuu ya Kenya. Msikopi 360 kutoka vitabu vya Marekani.

4. Excel ni lazima. Python au R ongeza mwaka wa pili, usingoje wa nne.

5. Mkifika kwa Black na Scholes, wale wa fomyula ya bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo), someni dhana kabla ya fomyula. Kazi yao ilitoka mwaka 1973, na uzuri wake ni wa kweli. Siku niliyoielewa ile hoja ya kujikinga na hasara ya opsheni kwa kushika hisa na mkopo kwa pamoja nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Tudor nikiifikiria. Lakini fomyula inadhani kwamba mtikisiko wa bei, yaani kiasi bei inavyoyumba, haubadiliki na kwamba unaweza kuuza na kununua wakati wowote. Scholes na Merton, mwenzao aliyeikuza kazi hiyo, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwaka uliofuata, Long-Term Capital Management, mfuko wa uwekezaji ambao wao walikuwa washirika wake, uliporomoka baada ya Urusi kushindwa kulipa deni lake, na mabenki makubwa yakachanga takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa. Mahesabu ya mle hayakuwa ya wanafunzi. Kwa hiyo unapoandika jibu la mtihani, mstari mmoja wa "hapa nimedhani kwamba..." uwe na uzito kwako kama jibu lenyewe.

6. Jifunze kumweleza mama yako. Hapa Mombasa mtu atakwambia mapema kwamba riba haichukui, ataka murabaha. Usianze kumwambia "ni kitu kimoja tu." Si kimoja: katika murabaha benki inanunua bidhaa na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, na bei ikishakubaliwa haipandi. Unachoweza kumsaidia ni kulinganisha bei ya leo na bei ya awamu, na kumwonyesha kila awamu inaangukia lini. Ule mstari wa namba 1, tena.

7. Mada za projekti. Naomba mwache kukimbilia hisa za New York. Mnada wa chai uko hapa hapa mjini, hufanyika kila wiki, na chai huuzwa kwa dola, ilhali mchumaji na umeme wa kiwanda hulipwa kwa shilingi. Dola ikiteleza kati ya siku ya mnada na siku ya malipo, nani anaumia, na mkataba wa kununua au kuuza dola kwa bei ya mbele (inayokubaliwa leo kwa tarehe ya baadaye) ungegharimu nini? Hiyo ni projekti kamili, yenye mfululizo wa wakati (bei wiki baada ya wiki), viwango vya riba vya nchi mbili, na mtu wa kumhoji aliye umbali wa matatu moja. Mnaoingia mwaka wa nne Septemba, anzeni kukusanya bei wiki hii, maana msimamizi atataka kuona data kabla hajasaini pendekezo lako.