Kushukuru ugenini: yaliyotupata Cuamba

Bwana Yesu asifiwe ndugu mleta mada, na wengine mnaopita.

Umesema mnahamia kaskazini mwa Msumbiji na watoto wawili kwa kazi ya injili, na mkeo amechoka kuambiwa "shukuruni kwa kila jambo" kila anapotaja hofu zake. Ukauliza familia inashukuru vipi siku ambayo haioni cha kushukuru. Nimeona mchangiaji mmoja amekujibu mkumbuke wapo wenye hali mbaya zaidi yenu. Huyo nitampinga huko chini. Mimi ni mke wa mchungaji, tulitumwa kutoka Tukuyu, Tanzania, tukakaa Cuamba, mkoa wa Niassa, kuanzia 2019 hadi 2023, na watoto watatu. Mnivumilie, ni refu.

Nianze na aibu yangu. Kwa Kireno mwanamume akishukuru husema obrigado, mwanamke obrigada. Mimi neno nililiokota kwa mume wangu, nikaenda nalo sokoni hivyo hivyo miezi mitatu. Nikipewa nyanya, "obrigado!" Akina mama wanatazamana, wanacheka. Siku moja muuza dagaa akanishika mkono, akajigusa kifuani: "A, mama. A. Obrigada." Jioni nikamwuliza mwalimu wetu wa lugha neno lenyewe lina maana gani hasa. Akasema ni mtu aliyefungwa na wajibu, mwenye deni. Mume wangu akadakia: "Kumbe ni nawiwa!" Warumi 1:14, "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani," aya ile ile aliyohubiri siku tunaagwa usharikani. Tukacheka, tukapita. Sikujua kwamba litanirudia.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shida za kule haziji kama majaribu makubwa ya kutolea ushuhuda madhabahuni, zinakuja kidogo kidogo kama chawa. Oktoba na Novemba joto linakaa chini ya bati mpaka usiku wa manane. Maji ni pampu ya mkono, na ndoo zinapangwa foleni kabla ya jogoo. Umeme ni wa kununua namba kama LUKU, wao huita Credelec, na una tabia ya kuisha Jumapili usiku wakati mtandao umelala. Hata saa ni shida: mtu akikwambia "às sete" anamaanisha saa moja, lakini kichwa cha Mswahili kikisikia saba kinakwenda saa saba mchana. Nilikosa miadi ya kliniki kwa ajili hiyo, na mtoto mgongoni. Posho ya nyumbani inachelewa, na ikifika, kutoka shilingi hadi metikali, makato yameshakula. Kuna wiki mbili tulikula xima, ndio ugali wao, na matapa, ndicho kisamvu, bila karanga wala nazi. Kisamvu bila karanga na nazi ni majani tu, ndugu yangu.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote hivyo ni mwanangu wa pili. Aliingia darasani asijue neno, akakaa muhula mzima bila kufungua mdomo. Mwalimu alidhani ni bubu.

Sasa sala yetu ya jioni. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, aliweka utaratibu kwamba kila mtu ataje jambo la kumshukuru Mungu. Haikupita wiki ikawa kibwagizo: "Namshukuru Mungu kwa uhai na afya." Mtoto anatetemeka kwa homa, naye "uhai na afya". Kisha siku moja mimi mwenyewe nina malaria, nimekumbatia ndoo, natapika, mchungaji anakuja mlangoni kuniuliza leo nashukuru kwa lipi. Nilimjibu neno ambalo siliandiki hapa.

Ugomvi ule ndio uliotusaidia. Tukabadilisha: kwanza kila mtu alalamike jambo moja, na hakuna kumjibu wala kumrekebisha, hata baba. Zaburi ya 13 ndivyo ilivyo. Inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na kuimba kunakuja aya ya sita, ya mwisho. Sisi tulikuwa tunawalazimisha watoto waanzie aya ya sita. Baada ya malalamiko ndipo shukrani, nayo iwe ya leo, na iwe na mtu ndani yake. "Uhai na afya" tuliipiga marufuku nyumbani kwetu, Mungu anisamehe. Na yule uliyemtaja, kesho uende ukamwambie kwa mdomo wako.

Jioni ya kwanza mwanangu akasema: "Sipendi shule. Namshukuru yule ninayekaa naye dawati, alinikatia nusu ya kifutio chake." Basi, sheria ni sheria, asubuhi ilibidi aende akaseme. Obrigado ndilo neno la kwanza la Kireno alilotamka darasani. Lile pande la kifutio halikuwa kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, nililiona mwenyewe, na alikataa kulitumia.

Waliopita kipaimara kwa Walutheri wanakumbuka Katekisimu Ndogo ya Luther, ya 1529, pale anapoeleza "mkate wa kila siku". Anataja chakula, nguo, viatu, nyumba, anakwenda mpaka hali njema ya hewa, marafiki wema na majirani waaminifu. Sisi tuliikariri kama kasuku tusije tukachapwa. Cuamba niliirudia usiku nikihesabu kipi tunacho na kipi hatuna, na karibu kila mara kilichokuwa hakijakosekana ni kile cha mwisho.

Sasa wewe uliyesema "wapo wenye hali mbaya zaidi". Ndugu, sala hiyo ipo kwenye Biblia, na tunajua nani aliisali, yule Farisayo: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Luka 18:11. Ukishukuru kwa kumtazama jirani asiye na viatu, umemgeuza jirani kuwa dawa yako ya usingizi. Na mmisionari yuko katika hatari hiyo kuliko wengine, maana barua za maombi anazoandika nyumbani zinamsukuma huko: "hali za watu hapa ni ngumu, sisi tunamshukuru Mungu." Nimeziandika hizo barua. Naona haya nikizisoma.

Agosti 2022 baba yangu alifariki Tukuyu. Pasi zetu za kusafiria zilikuwa zimekaa ofisi moja wiki kadhaa zikisubiri kibali cha kuishi, na kila tukienda ni "rudini Jumatatu". Kwa njia ya Mandimba, upande Malawi mpaka Songwe, ni safari ya siku kadhaa, na maiti haisubiri. Nilimzika baba kwa simu. Mdogo wangu aliishika karibu na kaburi, na walipofika "udongo kwa udongo" mtandao ukakata. Mzee wangu kila tukimaliza kuongea alikuwa ananiambia "ndaga fijo", asante sana, hata kama mimi ndiye niliyempigia kumwomba kitu. Nilikaa na ile simu masikioni nadhani nusu saa.

Jioni ile binti yangu mkubwa akauliza kama tutafanya shukrani. Nikasema hapana. Mume wangu hakusema kitu, na kwa kunyamaza kule namshukuru mpaka leo. Wiki nyingi baadaye ndipo aliponieleza kwamba pale penye "shukuruni kwa kila jambo" Paulo ameandika kwa Kigiriki en panti, yaani katika kila jambo. Katika msiba, si kwa ajili ya msiba. Mpe mkeo hiyo, lakini usimpe siku ya msiba.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta wanawake wameketi barazani. Majirani, Wamakua, wengi wao Waislamu, wamejifunga kapulana, ndivyo vitenge vyao, vizuri, wamekuja na mikeka yao. Sikumwita mtu. Walikaa siku tatu. Walichota maji, walipika, walimwogesha mdogo wetu. Mmoja, ambaye Kireno chake ni kibovu kuliko changu, aliniwekea miguuni beseni la kijani lina unga, na mimi nilijua unga wa nyumba ile mwezi ule ulikuwaje. Nikasema "obrigada". Nikaona halitoshi, nikasema kwa lugha yake: koxukhuru. Hiyo x isome sh, utasikia "shukuru" yetu imelala humo ndani. Hapo ndipo machozi yalipotoka, tangu simu ilie. Miaka mitatu nilikuwa najiona mimi ndiye niliyewaletea kitu.

Kwa hiyo mkeo mwambie hivi: asiwahi sana kuwa mtoaji. Wiki ya kwanza aende kwa jirani akaazime chumvi, hata kama anayo. Wewe fanya nakala za pasi zote, na maombi ya vibali uyaanze miezi kabla muda haujaisha. Barua za nyumbani andika na malalamiko humo, waombaji wapate cha kuombea.

Lile beseni kwa desturi yetu halirudi tupu, basi nikalirudisha na viazi vitamu. Likarudi na karanga. Nikalipeleka na sukari, likarudi na mihogo. Hivyo mpaka tunahama, na zamu ya mwisho lilikuwa kwangu. Liko jikoni hapa Tukuyu, limepasuka ukingo. Kama njia yenu inapita Cuamba, niandikie faragha. Nitalijaza majani ya chai umpelekee.