Maswali ya Wasomaji: Niende kwenye kongamano, au fedha ilipie vyumba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi katika kituo kidogo cha vijana wilayani Temeke. Usiku tunazunguka Kariakoo, Feri na vituo vya mabasi kuwafuata vijana na akina mama wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Mfadhili wetu yuko tayari kumlipia mtu mmoja nauli na ada ya kuhudhuria kongamano la nje linalohusu kukomesha ukosefu wa makazi, na wenzangu wengi wamenipendekeza mimi. Wachache wanasema fedha hiyo ingelipia vyumba na magodoro. Naomba mnieleze makongamano ya namna hii yana nini, na kama niende.
Mama Mlezi, Temeke

JIBU: Mama Mlezi, tuanze na hao wachache, kwa sababu hoja yao ni nzito. Nauli ya ndege, viza, ada ya usajili na malazi ya siku nne katika jiji la ng'ambo, vikijumlishwa, vinaweza kulipia kodi ya vyumba kadhaa vya uswahilini kwa miezi mingi. Mwandikie mfadhili umwulize waziwazi kama fedha hiyo ni ya mafunzo peke yake au inaweza kuhamishiwa kwenye huduma. Akikubali kuihamisha, kaeni kikao muamue pamoja, na ushauri wangu ungeelemea upande wa vyumba. Akisema haihamishiki, basi nenda, lakini kabla ya kuondoka andikeni pamoja swali moja ambalo kituo chenu kinahitaji kulijibu, na safari yako yote ilitumikie swali hilo.

Makongamano yanayojulikana zaidi katika fani hii hufanyika Marekani, Kanada na Ulaya. National Alliance to End Homelessness, muungano ulioanzishwa mwaka 1983 na wenye makao yake Washington, D.C., huitisha mkutano wa kitaifa kila mwaka. Kanada ina mkutano wake unaoandaliwa na Canadian Alliance to End Homelessness, na Ulaya kuna FEANTSA, shirikisho la mashirika yanayohudumia wasio na makazi, lililoanzishwa mwaka 1989 na lenye ofisi Brussels, ambalo hushiriki kuandaa kongamano la watafiti. Mikutano hii imejengwa juu ya mifumo ya nchi hizo, hivi kwamba vikao vingi huzungumzia ruzuku za kodi za serikali zao na masharti ya fedha wanazogawiwa, na mtu aliyetoka Temeke anaweza kukaa siku nzima ukumbini bila kupata la kurudi nalo. Soma ratiba yote kabla ya ada kulipwa. Kama huoni hata vikao vitatu vinavyogusa swali lenu, tafuta mkutano mwingine.

Nikupe mfano wa swali ambalo ningependa ulichukue. Huko utasikia sana habari za Nyumba Kwanza (kwa Kiingereza Housing First), utaratibu ulioanzishwa New York mwaka 1992 na shirika la Pathways to Housing chini ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis. Kabla yake, mtu aliyelala mitaani alitakiwa kwanza aache pombe, atibiwe na aonyeshe nidhamu ndipo apewe chumba. Utaratibu huu uligeuza mpangilio, mtu akapewa makazi ya kudumu mwanzoni, kisha matibabu na ushauri vikamfuata humo ndani kwa hiari yake. Kanada iliupima kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu kwenye makazi kuliko waliobaki katika huduma za kawaida. Finland iliufanya kuwa msingi wa mpango wa taifa mwaka 2008, ikageuza mabweni ya kulala usiku mmoja kuwa nyumba zenye mikataba ya upangaji.

Mtoa mada akimaliza kueleza hayo, usimame na kuuliza: mkataba wa chumba uliandikwa kwa jina la nani, na kodi ilitoka wapi? Hapo ndipo mambo ya Dar es Salaam yanapokwama. Mwenye nyumba wetu kwa kawaida anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Anaweza pia kutaka kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na kijana aliyelala Feri kwa miaka minne hana mtaa unaomtambua wala mwenyekiti wa kumwandikia barua. Wafini walilitatua jambo la mkataba kwa kuwa na taasisi isiyotafuta faida, Y-Säätiö, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo hununua nyumba na kuzipangisha yenyewe. Je, kituo kama chenu kinaweza kuwa mpangaji mkuu wa vyumba vitano, kikabeba dhamana mbele ya mwenye nyumba, huku kijana akichangia kidogo kidogo kadiri biashara yake ya maji au ya karanga inavyosimama? Ukirudi na maelezo ya jinsi wengine walivyoandika mikataba ya aina hiyo, na walivyofanya mpangaji aliposhindwa kulipa, umewaletea wenzako kitu kinachoshikika.

Jambo la pili la kujifunza ni namna ya kuhesabu. Taasisi ya Institute of Global Homelessness, iliyopo Chuo Kikuu cha DePaul mjini Chicago, ilitoa mwaka 2015 mpangilio wa makundi matatu: wasio na pa kulala kabisa, walio katika makazi ya muda au ya dharura, na wanaoishi katika makazi duni sana au yasiyo na usalama wa umiliki. Mpangilio huo unatufaa sana. Ukilichukua kundi la tatu kwa upana wake, familia zilizojenga kwenye bonde la Msimbazi zinaingia, na idadi inakuwa kubwa kiasi kwamba kijana wa kibarazani anapotea ndani yake. Ukichukua la kwanza peke yake, unamsahau mama anayehamishwa na mafuriko kila msimu wa masika. Kituo chenu kiseme wazi kinahudumia kundi gani, kisha mtunze orodha ya majina, kwa idhini ya wenyewe na kwa siri, mkijua nani ameingia, nani amepata chumba na nani amerudi mtaani.

Usidhani pia kwamba elimu hii yote iko ng'ambo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lina makao makuu Nairobi, na mkutano wake wa Jukwaa la Miji Duniani, ambao hautozi ada ya usajili, ulianza Nairobi mwaka 2002 na ulifanyika Cairo Novemba 2024. Arusha tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Desemba 2020 ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo yanahusu moja kwa moja vijana wanaokamatwa usiku kwa kosa la kukosa pa kwenda, nami ningefurahi sana kuona semina ya siku moja, hapa hapa jijini, ikiwakutanisha polisi, maafisa ustawi wa jamii wa manispaa na walezi kama wewe juu ya maoni hayo ya Mahakama. Semina kama hiyo ingeweza kuandaliwa pamoja na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, au kuwekwa karibu na Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, ambayo ni Jumanne ya tatu ya Machi. Gharama yake isingefikia nauli yako ya ndege.

Ukienda, usionyeshe ukumbini picha za nyuso za vijana wenu. Na kabla hujaondoka, tarehe ya kutoa mrejesho kwa wenzako iwe imekwisha kupangwa.

SWALI: Nililala mitaani miaka sita, sasa nina chumba changu. Shirika moja liliniita hotelini kutoa ushuhuda kwenye semina ya watu wanaohudumia wasio na makazi. Watoa mada walilipwa posho, mimi nikapewa soda na nauli ya daladala. Nilikaa kimya. Je, ndivyo inavyotakiwa?
Msomaji, Buguruni

JIBU: Hapana, kaka, sivyo. Ulichokitoa pale ni ujuzi uliokugharimu miaka sita, na kila aliyekaa ukumbini aliuhitaji ili afanye kazi yake vizuri. Timu ya watoto wa Tanzania waliowahi kuishi mitaani ilipotwaa ubingwa wa Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani huko Rio de Janeiro mwaka 2014, mashindano hayo yaliambatana na mikutano ambayo watoto wenyewe walizungumzia haki zao, na watu wazima wakawasikiliza.

Safari nyingine ukialikwa, uliza mapema mambo haya: posho ni kiasi gani na kama ni sawa na ya watoa mada wengine, utazungumza dakika ngapi, nani atapiga picha na zitatumika wapi. Una haki ya kukataa swali lolote linalogusa mambo usiyotaka kuyasema mbele ya watu. Omba pia uwemo kwenye kikao cha mwisho, kile cha kuandika maazimio, kwa maana ndicho kinachoamua fedha na huduma zielekezwe wapi. Wakikukubalia ushuhuda na kukukatalia kikao hicho, waombe sababu kwa maandishi kabla ya kuthibitisha kwamba utafika.