Mpira mpya wa breki, mkono bado laini: tafuta upepo juu kwa masta

Umesema umefunga mpira mpya wa breki ya mbele (bomba la mafuta ya breki) kwenye pikipiki ya Yamaha ya miaka ya 1980, umetoa upepo kwenye kalipa (kile kinachobana diski ya gurudumu) mpaka chupa ya mafuta ikaisha, na mkono wa breki bado unafika kwenye usukani. Acha kumwaga mafuta chini. Mapovu hupanda, na kilele cha mfumo huo ni kiungo cha masta, yaani pale mpira unapofungwa kwenye silinda ya breki iliyo kwenye usukani.

Funika tangi kwa kitambaa kibichi, mafuta ya breki ya DOT 4 yanababua rangi. Viringisha kitambaa kingine kwenye bolti ya banjo ya masta (banjo ni kichwa cha mviringo cha mpira), bana mkono, ushikilie, legeza bolti robo mzunguko. Povu likitoka kaza kwanza, ndipo uachie mkono. Ukiachia mapema inavuta upepo upya. Mara tatu nne zinatosha, mafuta ya kikopo cha masta yasishuke chini ya alama. Sasa nenda kwenye nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea upepo).

Bado ni laini? Geuza usukani masta iwe juu, funga mkono ukiwa umebanwa, uache hadi asubuhi. Kisha gongagonga mpira kwa mpini wa bisibisi huku unabonyeza kidogokidogo, utaona vipovu vikichomoza ndani ya kikopo.

Bolti za banjo zenyewe je? Za Kijapani nyingi ni M10 (unene mm 10) ya nyuzi 1.25, yaani nafasi ya mm 1.25 kati ya uzi na uzi; za breki za Brembo mara nyingi ni 1.0. Isiyo yake hushika mizunguko miwili kisha inakwama, na ukilazimisha umeua kalipa. Bolti sahihi inaingia kwa vidole hadi mwisho. Kila bolti washa mbili za shaba, moja kila upande wa banjo. Ikibeba mipira miwili, washa tatu. Weka mpya. (Kuukuu huchomwa hadi iwe nyekundu ikalainika, ila mpya ni bei ya soda.) Bolti ya chuma kaza kama Nm 25 hadi 30, ya alumini haitaki nguvu hiyo.

Breki ikishika bila kuachia, kitundu kidogo cha masta kimeziba: zibua kwa unyuzi mmoja wa waya laini. Usioshe kwa petroli, sili zinavimba.

Mwisho zungusha usukani kulia na kushoto, kandamiza shokapu. Mpira usivutike wala kusugua tairi. Bana kwa nguvu zote dakika nzima, kisha pitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa hata nukta, fungua ubadilishe washa. Usiongeze kukaza.